Nani Atie Sahihi Kwamba Ardhi Imerudi?

Mhadhara uliosomwa Gitega mbele ya walimu, wahandisi, viongozi wa milima na wanafunzi. Umechapishwa kama ulivyosemwa, isipokuwa salamu zimeondolewa.

Nashukuru kwamba mmeniruhusu niseme Kiswahili hapa Gitega, ambako mambo ya namna hii huzungumzwa kwa Kifaransa hata pale ambapo wanaohusika wote ni wakulima. Nawaona na wageni wetu waliotoka Muyinga. Karibuni sana, ninyi Kiswahili mnacho nyumbani, kwa hiyo sitapunguza mwendo.

Kusudi langu leo ni moja. Nataka kuonyesha kwamba mradi wa ujenzi unapopita kwenye milima yetu, wenyeji wa mlima, kitengo cha chini kabisa cha utawala wetu, ndio wanaopaswa kukagua namna ardhi inavyorudishwa, na ukaguzi wao uwe na nguvu ya kuzuia fedha za mkandarasi. Sitazungumzia kushirikishwa. Kushirikishwa tumeshashirikishwa: tumeitwa mikutanoni, tumeandika majina kwenye karatasi ya mahudhurio, tumekunywa Fanta, tumerudi nyumbani. Nazungumzia sahihi ambayo ikikosekana, malipo hayatoki.

Mfano wangu mkubwa ni umeme wa Rusumo. Wengi wenu mnaujua. Kwenye maporomoko ya mto Kagera, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, kumejengwa mtambo wa megawati 80 ambao nchi tatu zinagawana sawa kwa sawa: Burundi, Rwanda na Tanzania. Kila nchi inapata chini kidogo ya megawati 27. Mtambo wenyewe uligharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia; njia za kusafirisha umeme zilichukuliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Njia inayokuja kwetu ni ya kilovolti 220, urefu wake ni kiasi cha kilomita 161, inaanzia Rusumo, inapita Muyinga na kuishia Gitega. Mbali na huo tuna mtambo wa jua wa Mubuga, megawati 7.5, hapahapa mkoani kwetu, unaofanya kazi tangu mwaka 2021. Na reli inakuja, nitaifikia. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 12 katika kilomita za mraba 27,834 haina pembe tupu ya kujengea kitu. Kila nguzo inasimama kwenye shamba la mtu.

Tufanye hesabu ndogo. Chukulia ushoroba wa njia ya umeme wenye upana wa mita 30. Kilomita moja ya ushoroba huo ni hekta 3. Familia ya mkulima wa Burundi kwa wastani inalima kama nusu hekta. Maana yake kila kilomita inagusa ardhi inayolingana na mashamba mazima ya familia sita, na mara nyingi ni familia nyingi zaidi, kila moja ikikatwa kipande. Kinachochukuliwa moja kwa moja ni kidogo: miguu ya nguzo. Kilichobaki kinapitiwa na malori, kinawekewa nyaya na vyuma, kinafyekwa, kisha mwenyewe anaambiwa, shamba lako hilo, limerudi. Hicho kinachorudi ndicho nataka tukitazame.

Nitaichukua tarafa ya Bugendana, kaskazini mwa mkoa huu, kama mahali pa kufikiria. Naichagua kwa sababu milima yake inabeba karibu kila jambo nitakalolitaja.

Hoja ya kwanza: udongo una mpangilio, na anayeujua ni anayeulima

Udongo wa Kirimiro hapa Gitega, na wa Bweru kule Muyinga, ni mwekundu, mzee, wenye asidi. Rutuba yake yote imo katika tabaka la juu, sentimita chache tu, na tabaka hilo kwa sehemu kubwa ni kazi ya mikono. Mkiutazama mlima kutoka bondeni mnaliona hilo bila kuambiwa: kuzunguka rugo, yaani boma la nyumba, udongo ni mweusi, kwa sababu ya miaka mingi ya samadi, majivu, maganda na majani makavu ya migomba, na kadiri unavyopanda juu, rangi inafifia na mihogo inachukua nafasi ya maharage. Mkulima anajua hatua kwa hatua mahali rangi inapobadilika. Ramani ya mradi inaonyesha shamba moja, rangi moja.

Sasa njoo siku ya kuchimba msingi wa nguzo. Shimo linakwenda chini mita kadhaa. Kanuni ya kazi ni nyepesi kuisema: udongo wa juu utolewe kwanza, uwekwe kando peke yake, usirundikwe juu sana ukaoza, usichanganywe na ule wa chini, na wakati wa kufukia, wa chini urudi chini na wa juu urudi juu. Mkandarasi mzuri anafanya hivyo. Mkandarasi mwenye haraka anachimba kila kitu pamoja, anafukia, na kifusi kinachobaki anakitandaza kwa greda mpaka uwanja unakuwa laini, mwekundu, unapendeza. Siku hiyo ndiyo picha ya ripoti inapopigwa. Kwenye picha, ardhi imerudishwa.

Mwenye shamba anasubiri mvua. Anapanda maharage. Wiki ya tatu majani yanakuwa ya manjano, na pale lori lilipokuwa likigeuza, jembe linagonga kama limekuta sakafu. Msimu wa pili anaona ishinge. Wakulima hapa hamhitaji kuelezwa ishinge ni nini. Kwa ajili ya wahandisi niseme kwamba ni jani jembamba gumu linaloota pale udongo ulipochoka, na mahali lilipotawala mtu mwenye akili zake hapandi maharage. Ni kipimo cha udongo kisichohitaji maabara. Sijaona hata mkataba mmoja wa ujenzi unaokitaja.

Kuna na jambo la migomba, na hapa nataka kusimama kidogo. Chini ya nyaya za umeme mkubwa miti mirefu hairuhusiwi kurudi, na migomba kwa kawaida huhesabiwa humo. Kwa hiyo hata urudishaji uliofanywa kwa uaminifu wote haurudishi kilichokuwepo. Unarudisha shamba la mazao mafupi mahali palipokuwa na shamba la ndizi. Mgomba kwetu ni chakula, ni fedha ya kila wiki, ni majani yanayofunika udongo mvua ikipiga, na ni urwarwa, pombe ya ndizi, wa kukalisha wazee wakati wa kusuluhisha ugomvi. Fidia inalipa mgomba uliokatwa. Kifuniko cha udongo hakijalipwa na mtu. Wenyeji wakiwa na kiti kwenye ukaguzi, swali la kwanza watakalouliza litakuwa hilo: mmeondoa migomba, nini kinafunika ardhi badala yake? Jibu lipo, na halina gharama kubwa: urubingo, yaani majani ya tembo, kwenye kingo, kaliandra iliyokatwa fupi, matandazo. Lakini lazima mtu aulize.

Hoja ya pili: ardhi haikaguliwi mwezi wa Julai

Wahandisi mtanivumilia; hapa naingia kwenye nyumba yenu. Mikataba mingi ya ujenzi ina kipindi cha matazamio. Mteja anabakiza sehemu ya malipo. Nusu inaachiliwa kazi inapopokelewa, nusu nyingine kipindi kikiisha, mara nyingi baada ya mwaka mmoja. Utaratibu huu ulitungwa kwa ajili ya zege na chuma. Zege likiwa na ufa, mwaka mmoja unatosha kuuonyesha. Udongo una kalenda nyingine.

Kazi za ujenzi hukimbizwa wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, kwa sababu malori hayakwami. Ni kawaida basi makabidhiano nayo yaangukie huko. Wakaguzi wanapita kwa gari, vumbi limetulia, makingamaji yamechimbwa yamenyooka. Mvua za Septemba na Oktoba zinakuja kujaribu tu. Mtihani wenyewe ni Machi na Aprili, pale udongo umeshiba maji na bado yanaendelea kushuka. Makingamaji yaliyochimbwa bila kufuata kontua hukusanya maji na kuyamwaga mahali pamoja, na mahali hapo pakishapata korongo, hakuna greda litakaloshuka huko. Mwaka mmoja wa matazamio unakupa msimu A mmoja, ule wa mvua za Septemba, na msimu B mmoja, ule wa mvua za Machi na Aprili. Kwenye miteremko yetu hiyo haitoshi. Mimi ningeomba miaka mitatu kwa upande wa ardhi, hata kama zege litaachiwa mwaka wake mmoja.

Ni nani atakuwepo mlimani saa kumi na moja jioni mvua ya Aprili inapopiga? Ofisi ya Burundi ya Kuhifadhi Mazingira, OBPE, haiwezi kuweka mtu kila mlima, na hakuna anayeidai hivyo. Mhandisi mshauri ameshahamia mradi mwingine. Aliyepo ni yule anayeishi pale.

Na anaweza kupima. Nawaonyesha kifaa chenyewe, nimekuja nacho, tafadhali kipitisheni. Ni kijiti kigumu cha mti, kirefu kama mkono, kina alama iliyochongwa kwa kisu. Unakipigilia ardhini mpaka alama iwe sawasawa na uso wa udongo. Unaweka vijiti kumi mteremkoni, juu, katikati na chini. Baada ya msimu unapima kwa rula: alama imebaki juu ya udongo kwa milimita ngapi? Wanafunzi, fanyeni hesabu pamoja nami. Milimita moja ya udongo kwenye hekta moja ni mita za ujazo 10. Kwa uzito ni zaidi ya tani kumi. Kijiti kikionyesha milimita tano, lori baada ya lori limeondoka kwenye shamba hilo na hakuna aliyelisikia. Daftari la shule, kijiti, rula na mtu anayeaminika: mlima una kituo cha utafiti.

Sasa swali la kichokozi: udongo huo unakwenda wapi? Maji ya milima ya Bugendana huishia mto Ruvubu. Ruvubu unazunguka nchi yetu kuelekea kaskazini-mashariki, unaingia Kagera, na mito hiyo inakutana karibu na wapi? Karibu na Rusumo, juu kidogo ya maporomoko. Yaani tope linaloshuka kutoka ushoroba wa umeme uliorudishwa vibaya linakwenda kwenye mtambo uleule unaoupa ushoroba huo kazi. Mabenki yanayosita kulipia makingamaji ya mkulima kwa kuona ni mambo ya kilimo yafikirie habari hii. Mkulima anayelinda mteremko wake Gitega analinda turbini iliyo mpakani mwa Tanzania, na hajapata hata asante.

Hoja ya tatu: kabla ya kuwapa wenyeji sahihi, tuulize wenyeji ni akina nani

Hii ndiyo hoja ngumu, na msomi anayezungumzia "jamii" bila kuigusa anawadanganya.

Tuseme mradi unafika Bugendana na kuomba kamati ya mlima. Nani ataingia? Watajitokeza wenye mashamba yanayojulikana, baadhi yao wakiwa na cheti cha ardhi kutoka ofisi ya tarafa, ambacho sheria ya ardhi ya mwaka 2011 ilikitambua. Hao ni wenyeji, sawa. Lakini Bugendana pia ni mahali ambapo watu waliokimbia vita vya miaka ya tisini walikusanyika na kujenga kambini. Mnamo Julai 1996 kambi hiyo ilishambuliwa, watu zaidi ya 300 wakauawa, na wapo waliozikwa papo hapo. Sitaingia katika historia hiyo leo. Wengine humu ndani mnaijua kwa majina ya ndugu zenu. Nasema tu kwamba mhandisi anayechora barabara ya muda kwa kutazama picha ya satelaiti haoni kaburi. Aliyefiwa analiona. Kukagua ardhi ni pamoja na kukagua nini kisiguswe, na mtu anayekaa kambini bila cheti chochote anaweza kuwa ndiye pekee anayejua.

Kisha kuna wanawake. Hatuna sheria ya urithi iliyoandikwa, na mila humpa ardhi mtoto wa kiume. Cheti kikitoka, jina juu yake mara nyingi ni la mume. Anayejua maharage yamekuwa ya manjano wiki ya tatu ni mke. Kamati ya wenye vyeti itakuwa kamati ya watu wasiopalilia.

Na kuna Watwa. Kwa makadirio ya kawaida ni kama asilimia moja ya Warundi. Katiba yetu inawapa viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika hazijalifanya, na tuna haki ya kujivunia. Chini kwenye mlima mambo ni mengine. Ubugererwa, ule mfumo wa kumtumikia mwenye ardhi kwa sababu unakaa juu yake, ulifutwa kisheria mwaka 1977. Kufutwa kwake hakukumpa mtu shamba. Familia nyingi za Watwa zina kiwanja cha nyumba na basi. Walichobaki nacho ni ujuzi wa udongo.

Niliwahi kukaa na mama mmoja Mtwa, mfinyanzi, ukingoni mwa bonde, huko Muyinga. Alichimbua donge, akalisugua kati ya viganja mpaka likawa kamba nene kama kidole cha mwisho, akaizungusha kwenye dole gumba. Ikapasuka. Akaitupa, akachimba hatua nne pembeni, akarudia. Safari hii kamba ilijipinda kama ngozi, haikupasuka. Akaniambia kwamba chini ya tope jeusi la juu kuna utando wa udongo wa kijivu, haufiki unene wa mkono, na hautokei kila mahali; mama yake ndiye aliyemwonyesha unapopita. Kwa hiyo mfinyanzi ana ramani ya ardhi ya chini ambayo mhandisi wa misingi angelipa fedha nyingi kuipata.

Haya. Tuseme barabara ya muda inakatiza bonde hilo. Kinamwagwa kifusi ili malori yasizame. Miezi minane baadaye malori yameondoka, kifusi kimesawazishwa, nyasi zimepandwa, kijani kinang'aa. Kwenye orodha ya fidia kulikuwa na safu ya nyumba, ya mazao, ya miti na ya ardhi. Safu ya udongo wa mfinyanzi haikuwepo, na bonde lenyewe ni mali ya dola, hivyo hakuna wa kulipwa. Ripoti itasema bonde limerudishwa, na itakuwa inasema ukweli wa yule asiyefinyanga.

Wapo watakaoniambia kwamba nikiwatetea Watwa naleta habari za kimataifa. Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili lilipopigiwa kura tarehe 13 Septemba 2007, nchi 144 zilikubali, 4 zilikataa, na 11 hazikuegemea upande wowote. Burundi ilikuwa miongoni mwa hizo 11, pamoja na Kenya. Serikali nyingi za Afrika zilikuwa na wasiwasi, na si wasiwasi wa kipuuzi: baada ya vita vyetu, nani anataka kuorodhesha nani alitangulia kufika? Lakini Benki ya Dunia, katika masharti yake mapya yaliyoanza kutumika mwaka 2018, iliweka jina la jamii za Afrika kusini mwa Sahara zilizoachwa nyuma kihistoria ili kukwepa ugomvi huohuo. Mkopo tukiuchukua, sharti tumelichukua. Na Mahakama ya Afrika kule Arusha, katika kesi ya Waogiek wa msitu wa Mau mwaka 2017, ilikataa hoja ya serikali ya Kenya kwamba Waogiek ndio walioumaliza msitu. Hukumu hiyo inawahusu hata wasiokaa msituni: aliyeishi na ardhi muda mrefu asichukuliwe kuwa mtuhumiwa wake wa kwanza.

Hoja ya nne: kukagua bila fedha mkononi ni kutalii

Hapa nitakuwa mfupi, maana jambo lenyewe ni wazi.

Kanada walipoamua kupanua bomba la mafuta la Trans Mountain, kutoka Edmonton hadi pwani ya Burnaby, waliunda mwaka 2017 kamati ya ushauri na ukaguzi inayowakutanisha wajumbe wa jamii za asili na maofisa wa serikali kuu. Wakaguzi wa asili wakawa wanakwenda kazini pamoja na wakaguzi wa serikali, wakitazama mito, makaburi ya zamani, mimea ya dawa, namna udongo unavyofukiwa. Bomba lilianza kazi Mei 2024. Ni utaratibu ulioendelea kuliko wowote nilioujua katika ukanda wetu. Hata hivyo, uamuzi wa kusimamisha kazi ulibaki mikononi mwa mamlaka ya nishati. Mkaguzi wa asili aliona na kusema, mwingine akaamua. Katika ukanda wetu, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443, nyingi zikiwa Tanzania, na karibu lote linafukiwa, maana yake ni mtihani mkubwa wa kurudisha ardhi kuliko yote Afrika Mashariki. Njiani kuna Waakie, Wataturu, Wabarbaig na Wamasai. Tuufuatilie mtihani huo msimu kwa msimu, tuone nani anapewa kalamu.

Kumwachia mkandarasi aseme kama ardhi imerudi ni kama kumwuliza mpishi kama mchuzi wake umekolea. Pendekezo langu ni hili. Katika jedwali la kazi na bei, urudishaji wa ardhi uwe na mstari wake na bei yake, usifichwe ndani ya "usafi wa eneo". Sehemu ya fedha za matazamio ifungwe kwenye mstari huo. Iachiliwe kipande kwa kipande, mlima kwa mlima, kwa sahihi tatu: mhandisi mshauri, OBPE, na kamati ya mlima. Ripoti isomwe kwa Kirundi, mlimani, mbele ya watu, kabla ya sahihi yoyote. Ripoti ya Kifaransa inayohusu shamba la mtu asiyesoma Kifaransa ni barua iliyotumwa kwa jirani. Na wakaguzi walipwe kwa siku wanazofanya kazi, sawa na kibarua wa mradi angalau, kwa sababu kazi ya kujitolea huishia kufanywa na wenye nafasi, na wenye nafasi si wale niliowataja.

Najua pingamizi, nimelisikia mara nyingi kwenye korido: wananchi watakataa kusaini ili wabane fedha. Wengine watajaribu, ndiyo. Ndiyo maana nimeleta kijiti na daftari. Kamati isiyosaini ionyeshe vipimo vyake. Ikishindwa, bashingantahe, yaani wazee waamuzi wa mlima, na mhandisi wakutane papo hapo shambani, jembe lipigwe ardhini mbele yao, neno liishe. Hiyo kazi bashingantahe wameifanya vizazi na vizazi kwenye mipaka ya mashamba. Na pingamizi la pili, kwamba kamati zitatekwa na wakubwa wa mlima, hilo nalikubali zaidi. Halmashauri ya mlima ina wajumbe watano waliochaguliwa. Kamati ya ukaguzi isiwe wao. Iwe na mfinyanzi, iwe na mkazi wa kambi, wanawake wawe nusu.

Mabibi na mabwana, nimesema nitaifikia reli. Agosti 2025 jiwe la msingi la reli ya kisasa liliwekwa Musongati. Kutoka mto Malagarasi hadi Musongati ni kilomita 84 ndani ya nchi yetu, na mpango ni iendelee mpaka hapa Gitega. Reli inachimba zaidi kuliko nguzo: inakata milima, inajaza mabonde, inahitaji mashimo ya kifusi kila upande. Njia ya umeme ya Rusumo imeshasimama, na yaliyofanyika chini yake yamefanyika. Bado tunaweza kwenda na vijiti vyetu msimu huu kuona hali ikoje kati ya Muyinga na hapa, na nawaomba walimu wa sayansi mliopo muwape wanafunzi kazi hiyo badala ya kuwanakilisha ubaoni. Kipande cha reli kuja Gitega bado kiko kwenye karatasi. Wahandisi na maofisa mtakaokaa kuandika zabuni yake, baadhi yenu mmo humu ukumbini: andikeni mstari wa kurudisha ardhi sasa, na andikeni sahihi ya mlima chini yake, kabla greda la kwanza halijashushwa kwenye lori.

Nimemaliza. Maswali yaanzie nyuma kabisa, na mwenye kijiti anirudishie.